Simu Niliyoianika Pamoja na Mihogo

Hivi wewe unayenisikiliza, simu yako ikiingia nyekundu unafanyaje? Unaitupa kitandani unaendelea na mambo yako, siyo? Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Sasa hivi, weee, ikibadilika rangi kidogo tu nasimama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kuni. Wajukuu wananicheka, eti bibi anaogopa kuisha chaji kuliko anavyoogopa radi. Wacha wacheke. Hawakuwepo.

Sogeza kigoda basi. Na hiyo simu yako punguza mwanga, inakumulika mpaka puani.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Namba nazijua zile za kuhesabia vifaranga. Herufi nazijua kama watu wa kijiji cha jirani, huyu nimewahi kumwona, huyu simfahamu. Kwa hiyo kwenye simu mimi sisomi, naangalia rangi. Kile kibetri kilichokaa juu pale kwenye kona kikiwa cheupe nafurahi, kikiwa chekundu tumbo linaniuma. Hiyo ndiyo elimu yangu ya simu, na sasa hivi nikikaa na watu wa elimu tunaongea vizuri tu.

Simu yenyewe alininunulia mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, binti huyo ni fundi cherehani pale Kasulu mjini. Namwita mke mwenzangu. Huku kwetu akizaliwa mjukuu wa kike, babu yake anasema nimepata mke mdogo, basi mimi na yule binti tumegombania mume tangu hajaota meno. Siku hiyo alikuja na kimfuko mkononi, akaniambia, "Mke mwenzangu, nimechoka kusikia sauti yako bila kukuona. Nataka nikikupigia nione na hayo meno yaliyobaki."

Nikamwambia, "Yaliyobaki yananitosha kumtafunia mume wako nyama."

Tukaenda senta, kwa mzee wa duka. Huyo ni mtu wa pwani, alikuja huku zamani kuuza chumvi na sabuni akaoa hapa hapa, na Kiha chake mpaka leo kinachechemea. Yeye ndiye anatuchajia simu kwa sola yake, maana umeme kwetu ulipita barabarani juu ya nguzo ukaenda zake Kibondo, hata hodi haukupiga. Basi mjukuu akamwomba anihamishie laini kutoka kwenye kitochi changu cha zamani, kile kisimu cha vibonyezo. Mzee akaitoa laini, akaiangalia, akasema ni kubwa, simu hizi mpya zinataka ndogo. Akachukua kidude chake cha kukatia laini, kwaa, akaikata!

Nikapiga kelele duka zima. "Unaikata namba yangu! Sasa atakayenipigia si atanipata nusu?"

Walicheka mpaka mzee akaegemea magunia. Kile kiplastiki kilichobaki, kile kifremu chenye dirisha katikati, kikaanguka chini, akakifagia na vumbi. Nilikiona kabisa kikienda na ufagio. Nikumbushe hapo baadaye.

Kitochi changu nikampa wifi yangu, dada wa mume wangu, tunakaa uwanja mmoja. Akaweka laini yake, akaanza kuringa nacho kama vile alinunua.

Yoo, ile simu nilivyoipenda! Nilikuwa naamka nayo. Tochi yake ndiyo ya kutafutia mayai chini ya ghala. Kwaya zinaimba toka napukuchua mahindi mpaka nasonga ugali. Mwanga nimeuweka juu kabisa kwa ajili ya macho yangu. Mambo yote nimefungua, sijui kufunga, kila nilichogusa kimebaki kimekaa humo ndani. Chaji ilikuwa inaisha kama pombe msibani. Na mimi nikiona nyekundu namtuma mtu senta, inarudi nyeupe. Nani alijua jua nalo linaweza kugoma?

Sasa mzee wangu yeye ni mtu wa nyuki. Mizinga yake iko porini, mbali, ya magome na ya magogo, ametundika juu ya miti tangu ujana wake. Akienda anakaa huko siku kadhaa. Ana kitochi, ila hasomi kabisa, shule aliiona kwa nje akipita na mbuzi. Kwa hiyo mke mwenzangu alimtengenezea: ukibonyeza moja ukaishikilia, inamtafuta bibi. Basi. Kwenye simu ile hakuna mtu mwingine, ni mimi tu, nakaa kwenye moja.

Na kwa ubahili wake hapigi, anabipu, inaita kidogo anakata. Bipu moja, nimefika salama. Bipu mbili mfululizo, niko njiani narudi, weka maji ya kuoga motoni. Ndiyo ndoa yetu hiyo. Kuna watu wanaandikiana maneno ya mapenzi kwenye simu, mimi naandikiwa maji ya kuoga. Na huko porini mtandao ni wa kubahatisha, mpaka upande juu ya kichuguu kikubwa ndiyo unaupata.

Alienda mvua zikiwa zimeanza. Mawingu yalikaa juu ya vilima kama mgeni aliyekataa kuaga. Ikaja bipu moja, nikashukuru Mungu, nikaenda zangu kwenye harusi kwa jirani. Pale harusini ndipo nilipojiponza. Nilipiga picha bibi harusi, nikapiga picha wapishi, nikapiga picha sufuria, nikachukua video ndefu ya mbwa aliyeiba mfupa anakimbizwa na mwenyekiti wa kamati. Watu wanakuja, bibi tuonyeshe, nawaonyesha. Narudi nyumbani, nyekundu.

Nikaipeleka senta. Mzee wa duka akanionyesha betri yake ya sola, imekufa, jua halijaonekana. Akasema, "Bi mkubwa, leo hata kinyozi wangu ananyoa kwa mkasi." Nikarudi nayo kama ilivyo, nikaiweka dirishani. Wala sikuogopa. Nilijua jua litatoka tu.

Kesho yake niko nje namenya mihogo, simu ikalia. Siyo bipu. Inalia, inaendelea kulia. Nikakiacha kisu kwenye muhogo, kwa sababu mzee wangu hapigi.

"Mama," akasema. Ananiita mama. "Usiogope."

Mtu akikuambia usiogope ndiyo anakuambia ogopa.

"Nimeanguka mtini. Mguu umegeuka, unaangalia kwingine. Nimejivuta mpaka kwenye kichuguu. Waambie waje, niko kwenye mizinga ya..."

Kimya. Upepo kidogo, halafu kimya kabisa.

Nikapiga. Yule dada wa kwenye simu akaniambia mteja hapatikani. Nikamwambia, "Dada, angalia vizuri, yuko kwenye kichuguu." Akarudia vile vile, hana hata huruma ya sauti. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Kila nikipiga naona ile nyekundu inapungua, imebaki nyembamba kama uzi wa sindano, na mimi kidole hakisikii, kinapiga tu.

Wifi yangu ndiye aliyeninyang'anya. Alisikia kelele zangu akaja mbio na kitenge kimefunguka. Nilipomwambia, alikaa chini kwenye matope. Kaka yake huyo, tumbo moja.

"Mizinga ipi?" akauliza.

"Hakumaliza."

"Mizinga ipi, wifi?"

"Nimekwambia hakumaliza!"

Maana mzee ana mizinga sehemu tatu. Iko ya mtoni, iko ya kilimani, na iko ile ya pori la mbali ambako hata wawindaji wanaenda wakiwa wengi. Kutoka sehemu moja hadi nyingine ni kutwa nzima ya mtu mwenye miguu miwili. Wanaume wa pale kwetu walitoka na mapanga, wakagawana, wengine mtoni, wengine kilimani. Wa kwenda pori la mbali hawakutosha. Wakaniambia, "Bibi, kaa na simu. Akipiga tu muulize ni wapi, utume mtu atukimbilie." Wakaondoka mvua ikinyesha.

Kaa na simu. Simu gani? Ilikuwa inakufa mkononi mwangu.

Nilifikiria mambo mabaya siku hiyo. Nilimfikiria amelala kwenye udongo, mvua inamwingia mdomoni. Nilifikiria fisi, hana haraka fisi, anakaa pembeni anakusubiri uchoke. Nikafikiria amejivuta tena mpaka juu ya kichuguu, anabonyeza moja, anaishikilia, na huku kwangu simu imezimika, yule dada anamwambia na yeye kwamba bibi hapatikani. Hapo ndipo nililia. Mume wangu aambiwe mimi sipatikani! Maisha yetu yote mimi napatikana.

Wifi yangu akikosa la kufanya huwa anachokoza. Akaniambia huku anafuta makamasi, "Na chaji yote umemmalizia mbwa wa harusini."

Nikamwambia, "Mbwa yule ni ndugu yako, mna mwendo mmoja."

Akacheka, nikacheka, halafu tukalia wote wawili.

Basi mawingu yakapasuka kidogo. Jua likatoka, kali, lile la baada ya mvua. Wifi akashtuka. "Wifi! Mawe!"

Wewe mtoto wa siku hizi labda hujui. Redio zetu zinakula mawe, zile betri za duara. Jiwe likichoka hulitupi, unalianika juani, linarudi nguvu, unasikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo mpaka jioni. Tumefanya hivyo tangu tunaolewa. Na simu nayo si ina jiwe ndani? Na huyo mzee wa duka si anachaji kwa jua? Nikajiona mjinga kwa kuchelewa. Mkeka wa mihogo tuliutoa barazani, tukasogeza mihogo, tukailaza simu katikati, mgongo juu, tukakaa pembeni kufukuza kuku. Nikamwambia Mungu asante, umetuwekea jua.

Nilikuwa naiangalia kama mtu anayesubiri mandazi yaive. Ikaanza kupata moto. Tukafurahi, tukasema imeanza kushika. Wifi akaigusa akatoa mkono, "Imeshiba hiyo!" Nikaigeuza. Kwenye kioo kimesimama kitu kama kile kidude cha nesi cha kupimia homa. Sijakaa sawa, kioo kikawa cheusi. Nikabonyeza. Nyeusi. Nikabonyeza mpaka kucha ikaniuma.

Weee. Sijui nikuelezeje. Nilipiga magoti kwenye ule mkeka, mihogo inanichoma magoti, nimeishika simu ya moto kifuani. Nilianza Baba Yetu, nikafika kwenye mkate wa kila siku sikumbuki kinachofuata. Mtu niliyesali maisha yangu yote! Nikawa narudia mkate tu. Wifi yangu naye amesimama kashika kichwa, anasema, "Ni mimi, ni mimi nimemuua kaka yangu kwa jua."

Nikanyanyuka. Nikamwambia, "Twende senta. Na kitochi chako ukichukue."

Hata sijui kwa nini nilisema achukue kitochi. Labda kwa sababu ndicho kilichokuwa kinaonyesha uhai.

Magoti yangu mimi si ya kukimbia, lakini siku hiyo yalikimbia. Mvua ikarudi njiani, nimeifunga simu ndani ya kitenge, tumboni, kama mtoto mchanga. Tulifika dukani tunatiririka maji. Mzee wa duka akaanza na salamu yake ya Kiha, "Mwidiwe, mwidiwe," akaona nyuso zetu, akaikatiza njiani. Nikamwekea simu mezani. Akaigusa.

"Bi mkubwa, hii umeikaanga?"

"Nimeianika."

"Umeianika wapi?"

"Kwenye mihogo."

Hakucheka. Nitamheshimu kwa hilo mpaka nakufa. Alisema polepole, "Mama, hili siyo jiwe la redio. Hili joto ndilo adui yake. Linapoteza nguvu, linavimba, linaweza hata kupasuka. Sola inachajia kwa waya, siyo kwa kuchomwa." Akaifunga kwenye kitambaa kikavu, akaiweka sakafuni kwenye saruji, kwenye ubaridi, mbali na maji. Akasema tusiiwashe mpaka ipoe.

Kukaa kusubiri simu ipoe huku mume wako yuko porini! Nilitembea mle dukani kati ya sabuni na chumvi, nilizijua sabuni zote. Wifi amekaa kwenye gunia anatikisa mguu. Mzee wa duka anasoma dua zake kimya kimya, midomo inatembea. Kila mmoja na Mungu wake, tatizo ni hilo hilo.

Ilipopoa akaiwasha. Ikawaka! Nyekundu, uzi mwembamba kuliko mwanzo, lakini imewaka. Mzee akaanza kuipunguzia mizigo, anafanya huku ananiambia. Mwanga akaushusha mpaka kioo kikawa kama jioni. "Taa hii ndiyo mlaji wa kwanza." Data akazima. "Hii inakula kimya kimya hata ukilala." Mtetemo akatoa. Zile nilizofungua zikabaki ndani, kwaya na picha na video ya mbwa, akazisukuma nje moja moja. "Hizi zilikuwa nyuma zinakula kama wageni waliojificha jikoni." Halafu akafika kwenye alama moja ya duara. "Na hii ya kutafuta mahali ulipo, zima, wewe mwenyewe unajua ulipo."

Nikamwambia, "Mzee, hakuna ya kutafuta mahali alipo yeye?"

Akaiweka simu chini, akaangalia nje.

Akasema, "Bi mkubwa, nikuambie ukweli. Ikikaa bila kuguswa, hii itamsikia akibipu. Lakini ukimpigia wewe uongee naye, itakata kabla hajataja jina la mahali."

Kubipu atabipu. Nitajua yuko hai. Halafu nitakaa na kujua yuko hai, nisijue yuko wapi, mpaka siku nyingine bipu isije. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbele yangu.

Simu za dukani zote, na yake, zilikuwa zimezima pamoja na sola, ndipo macho yake yakatua kwenye kitochi mkononi kwa wifi. "Hicho kina chaji?"

Wifi akasema, "Hiki? Sikumbuki mara ya mwisho nimekichaji lini. Kinakula kama ndege. Salio ndiyo sina hata la kubipu."

Mzee akaruka. Akatoa laini yangu kwenye simu kubwa, kitu kidogo kama ukucha wa mtoto, kwa sababu namba iko kwenye laini, siyo kwenye simu. Mimi siku zote nilidhani mzee wangu anaipigia ile simu kubwa yenye kioo. Kumbe anapiga kile kiukucha. Akafungua kitochi, akatoa laini ya wifi, akaweka yangu. Ikacheza mle ndani kama punje ya mtama kwenye sufuria. Kikasema weka laini.

Unakumbuka kile kiplastiki nilichosema unikumbushe? Kile kifremu. Ndicho kilichotakiwa. Mzee alitafuta kwenye droo, kwenye mikebe, akapekua mpaka kwenye takataka, anajilaumu kwa Kiswahili cha pwani maneno mengine hata sikuyaelewa. Hakuna. Akakata kipande cha boksi la kiberiti, akakitoboa, akaweka. Minara ya mtandao ikasimama. Akakigeuza kuangalia kioo, laini ikaondoka mahali pake. Weka laini. Akarudia. Weka laini. Mikono yake imeanza kutetemeka, ni mtu mzima kama mimi. Nje jioni inaingia, na mimi najua mzee wangu hatathubutu kukaa juu ya kichuguu giza likishika. Atabipu sasa, au hatabipu.

Mimi nina nyufa kwenye visigino. Mke wa mtu wa nyuki hanunui mafuta ya miguu, anapaka nta. Nta yangu naifunga kwenye pindo la kitenge, natembea nayo. Nikiwa na mawazo mkono unaenda kwenye pindo unaibinya, ni tabia tu. Nilikuwa naibinya muda wote ule bila kujua, imelainika, inanukia mizinga yake. Nikaiangalia. Nikamwangalia mzee wa duka.

"Hii ikishika kitu haikiachii."

Akafikiri. "Isiguse upande wa dhahabu," akasema. "Upande wa dhahabu uangalie chini."

Akaishika laini mahali pake kwa ncha ya sindano, na mimi nikaviringisha nta nyembamba, nikaipitisha pembeni, pembe hii, pembe hii, kama ninavyoziba ufa wa mzinga. Vidole vyangu havikutetemeka. Mwili mzima unatetemeka, vidole vimetulia, vilikuwa vinafanya kazi vinayoijua. Akafunga betri, akawasha. Tukasubiri. Minara ikasimama. Akakigeuza. Ikabaki imesimama. Wifi akakitikisa kidogo, nikampiga mkono.

Tukakiweka mezani, tukakaa watatu tunakitazama kama watu wanaomtazama mgonjwa.

Mvua imepungua. Kuku wa mzee wa duka wameingia kulala. Hakuna kitu. Wifi akasema labda alibipu wakati ule laini iko nje. Nikamwambia nyamaza. Akasema labda simu yake imelowa. Nikamwambia wifi, nakupenda, nyamaza.

Kikalia. Kikakatika.

Kabla sijakishika, kikalia tena. Kikakatika.

Bipu mbili.

Tukaangaliana. Mbili ni niko njiani, weka maji motoni. Wifi akaanza kucheka na machozi yanamtoka puani, "Huyo kaka yangu! Mguu umevunjika anataka maji ya kuoga!" Na mimi nikasema amechanganyikiwa, homa imempanda, haelewi tena yuko wapi. Nikapiga. Ikaita.

"Mama," akasema. Sauti imekuwa nyembamba.

"Uko wapi? Sema mahali kwanza, mengine baadaye!"

"Kilimani. Kwenye mninga uliopigwa na radi. Chini kidogo, kwenye kichuguu."

Nikamwambia mzee wa duka, mninga wa radi, kilimani, akatoka nje na kanzu yake anaita vijana wa bodaboda. Mimi nikabaki sikioni.

"Mbona umebipu mbili?"

Akasema, "Nilitaka ujue narudi."

Nikajifuta uso kwa kitenge. Akauliza, "Maji yamechemka?"

"Yanachemka," nikamwambia, niko dukani, nimelowa, sina hata kuni. "Yanachemka, mzee wangu."

Hatukukata. Kitochi kile kilikaa sikioni kwangu mpaka kikawa cha moto, na chaji haikusogea. Nikamsimulia harusi. Nikamsimulia mbwa. Nikawa namuuliza, upo? Anasema, nipo. Salio lilipoisha ilikata yenyewe, lakini wanaume waliokuwa kilimani walishapata habari, na walimfikia kwa mwanga wa tochi, amekaa na panga lake mapajani, anawauliza mbona wamechelewa. Wakambeba kwa machela. Maji ya kuoga nilimchemshia kweli, nikamwosha kwa kitambaa kabla hawajampakia kwenye gari kwenda hospitali Kibondo. Alisema ndiyo makubaliano.

Ile simu kubwa ilivimba mgongo kama andazi. Ilibidi ibadilishwe betri. Sasa hivi naiweka kivulini, mwanga chini, data nafungua nikitaka kuona watu nikimaliza nafunga, tochi ya mayai natumia ya kawaida, na siisubiri iingie nyekundu ndiyo niitafutie chaji. Na kitochi nilimnyang'anya wifi, nikamnunulia kingine. Laini yangu, ile mzee anayoibipu, inakaa humo na nta yake, simu kubwa nimeiwekea nyingine. Mzee wa duka amepata vifremu, ananiambia niiweke vizuri. Nimekataa.

Mke mwenzangu alifika hospitali na gari la kutoka Kasulu, nyuzi za cherehani zimemganda kwenye nywele. Alimkuta babu yake ana mguu mweupe wa plasta, anagombana na nesi kuhusu uji. Akamkumbatia. Halafu akanigeukia mimi kwa hasira.

"Kwa nini mimi nimesikia wa mwisho? Kwa nini hukunipigia?"

"Ningekupigia kwa chaji ipi? Nilikuwa namtunzia mume wetu."

"Ungetumia hata ya mtu!"

"Namba yako iko kwenye simu, na simu ilikuwa kwenye mihogo."

Alitaka kucheka, akashindwa, akakaa kwenye kitanda cha babu yake akalia kama alivyokuwa analia mdogo, mdomo wazi. Mzee akampigapiga mgongo, "Mke mdogo, mbona mguu ni wangu na kilio ni chako?"

Akajifuta kwa kanga yangu. Akachukua kile kitochi chenye nta, akajiweka na yeye kwenye namba mbili, akanishika kidole changu akakibonyeza ili nijue mahali. Simu yake ikalia mfukoni mwake, akaikata.

"Umeona? Hivyo hivyo," akasema. "Mke mwenzangu, nisikilize. Siku yoyote ukiona nyekundu, usipige, usieleze, usihangaike na jua. Nibipu tu. Iite hata kidogo ikatike, mimi sitauliza una chaji au huna. Nitaiacha nguo ya mtu kwenye cherehani na sindano ikiwa ndani yake, nakuja."